Shajara ya seti ya Kigamboni: kii, tempo na ile 126.8

Jumatatu usiku

Mradi wenyewe ni huu. Kuna shughuli ya ufukweni Kigamboni, nimepewa saa moja na nusu nipige kama DJ, na seti (mfululizo wa ngoma) ni ya tech house, muziki wa klabu wa kompyuta, ila mwenye shughuli ameshaniambia mapema kwamba watu wake wataka amapiano kidogo katikati na mwishoni singeli, la sivo watakaa kwenye viti wanakula mishkaki tu. Nimekubali kwa sharti langu moja, mdundo hausimami. Hakuna ile ya MC kukata muziki aseme "sasa tunabadilisha ladha" alafu ngoma inaanza upya kama redio imezimwa na kuwashwa. Kila kitu kiingie ndani ya kingine.

Kwahiyo kazi ziko mbili, kulinganisha tempo (kasi) ili kiki, yale mapigo mazito ya chini, zigonge pamoja, na kuoanisha kii (noti ya nyumbani ya ngoma na ngazi yake) ili besi na sauti za watu zisigombane. Wengi hapa mjini wanazifanya kama kazi mbili tofauti, tempo inaachiwa kitufe cha sinki kinacholinganisha chenyewe, kii inaachiwa rangi kwenye skrini, na mambo yanaenda. Mi nataka nione zinagusana wapi.

Vifaa: lapitopu ya zamani, kontrola ndogo ya chaneli mbili, hedifoni, na programu ya DJ ya Mixxx kwasababu ni ya bure na inakubali kuguswa kila sehemu. Ngoma nimezitupa kwenye folda moja, nikaipa programu izichambue usiku kucha. Tempo kwa haraka haraka, yaani mapigo kwa dakika: tech house nyingi ziko 124 mpaka 130, afro house zinazunguka 120, amapiano 112 mpaka 115, singeli yenyewe haina adabu, 200 mpaka 300. Ukiziangalia hivo unaona kabisa huyu wa 113 na huyu wa 240 kuwaweka chumba kimoja ni shughuli.

Jumanne

Leo kii tu. Natumia gurudumu la Camelot, lile ambalo watu wa Mixed In Key wamelifanya lijulikane, namba 1 mpaka 12 zimepangwa kama saa ya ukutani, A ni maina na B ni meja. 8A ni A maina, 8B ni C meja, 9A ni E maina, 7A ni D maina. Sheria ya kawaida kila mtu anaijua: baki namba ileile, au panda moja, au shuka moja, au hama A kwenda B kwenye namba hiyohiyo. Sababu yake ni kwamba kii mbili zinazofuatana kwenye gurudumu zinachangia noti sita kati ya saba, kwahiyo sehemu ya kugombana inakua ndogo sana. Alafu kuna mbili za kupandisha mzuka, kuruka namba mbili mbele ambayo ni tone nzima juu, na kuruka saba ambayo ni semitoni moja juu (semitoni ni hatua ndogo kabisa kwenye kinanda, mbili ndo tone). Hizo mbili haziungani kiulaini, unazitumia pale unapokata kwa nguvu, siyo kwenye mchanganyiko mrefu.

Shida ya tech house ni kwamba yenyewe haina muziki mwingi wa kusomeka. Kiki, haihati (matasa madogo), besi inayorudia noti mbili tatu, mtu anasema kineno kimoja mara mia, basi. Programu inalazimika kutoa jibu hata pale ambapo jibu halipo. Nimechukua ngoma zinazosomeka 8A nikampelekea dada mmoja anaepiga kinanda kanisani kwao Sinza, mtu mwenye sikio balaa, nikamwambia dada nisaidie kuhakiki. Ya kwanza kaskiliza kidogo tu akavua hedifoni.

"Kaka, nani kakwambia hii maina? Noti ya tatu haipo. Hapa kuna A, kuna E, na hiyo G inapita. Ukitaka meja ni meja, ukitaka maina ni maina."

Na kweli, bila noti ya tatu hamna maina wala meja, mlango uko wazi pande zote. Sasa kwenye gurudumu A maina ni 8A na A meja ni 11B, yaani ukiangalia namba unaona hazihusiani, ila hiyo ngoma inakaa vizuri kote kuwili. Tumepitia folda, nikawa naandika kwenye sehemu ya maoni ya kila ngoma herufi ya besi tu, A, F, G, na alama ya nyota kwa zile zenye kodi kamili (noti kadhaa kwa pamoja) au mtu anaeimba kweli. Zenye nyota ndo zinazobanwa na gurudumu. Zisizo na nyota naangalia besi na besi tu. Hii imenifungulia ngoma nyingi ambazo ningezitupa kwa kufuata rangi.

Alhamisi

Sasa tempo inaingia kwenye kii, na hapa ndo penyewe.

Ukiongeza kasi ya ngoma bila kufunga kii (kuizuia isihame na kasi), sauti inapanda. Asilimia 5.95 kwenda juu ni semitoni nzima. Hii siyo siri, mashine ya sahani ya Technics SL-1200MK2 tangu 1979 inakupa asilimia 8 juu na chini na haina cha kufunga kii, wale wazee wa London wa miaka ya 90 waliolea tech house, kina Mr. C pale klabu ya The End, walikua wanachanganya sahani hivohivo, kii inatembea na mkono. Ila wao hawakua na skrini ya kuwaambia "8A na 8A, endelea tu mwanangu". Sisi tunayo, na orodha ya ngoma kwenye skrini inaonyesha kii ilivorekodiwa, siyo lazima iwe ndo inayotoka kwenye spika.

Jaribio la leo: ngoma mbili, zote besi ya A, zote 8A yenye nyota, zimehakikiwa na dada wa kinanda. Moja 124, nyingine 130. Nimezikutanisha katikati, kwenye 126.8 (kwanini hiyo namba nitasema), kii haijafungwa. Ya 124 imepanda senti 39, ya 130 imeshuka senti 43, na senti 100 ndo semitoni, kwahiyo hizi mbili ambazo kwa jina ni mapacha zimeachana senti 82. Karibia semitoni nzima! Kwenye spika zangu za chumbani hata hainiumi sana, zinatoa katikati tu. Nikabeba lapitopu mpaka kwa jamaa anaekodisha muziki, ana spika za inchi 18 amezipanga uani, nikamwomba dakika chache. Ile A ya chini ni hezi 55. Kwa ngoma ya kwanza imekua 56.2, ya pili 53.6, na hewa ikaanza kutetemeka wau-wau-wau kama mara mbili na nusu kwa sekunde, hata jamaa mwenyewe aliekua anakunja nyaya akageuka.

"Broo, spika yangu imepasuka au?"

Haijapasuka. Ndo hivo kii "sawa" inavosikika ikikutana na tempo tofauti.

Alafu nikafanya kinyume. Ya 124 ya 8A nikaikutanisha na ya 130 iliyoandikwa 3A, yaani B flati maina, semitoni moja juu. Kwenye gurudumu ziko mbali, hamna mtu angekushauri. Ila ile 3A ikishushwa mpaka 126.8 inakaa senti 18 tu kutoka kwa mwenzake, na besi zikatulia kabisa, moja inakabidhi nyingine. Kwahiyo namba ya kwenye gurudumu haina maana yoyote mpaka ujue ngoma itapigwa kwa kasi gani. Tempo ya seti inaamuliwa kwanza, kii baadae. Nimeiandika kwa maka kwenye ukuta juu ya meza.

Ijumaa

Najua utasema si ufunge kii tu. Kufuli ya kii ipo, kila programu inayo, na kwa mabadiliko madogo ya asilimia moja au mbili iko vizuri. Lakini inafanyaje kazi? Inakata sauti vipande vidogo vidogo inavitanua au kuvibana kisha inaviunga tena, na kinachoumia kwanza ni vitu vya ghafla, yaani ule mpigo wa mwanzo wa kiki na kofi la snea, ambavyo kwenye tech house ndo muziki wenyewe. Mixxx inakupa kuchagua injini, SoundTouch ni nyepesi, Rubber Band ni safi zaidi ila inakula prosesa. Nimewasha Rubber Band kwenye deki zote mbili, feni ya lapitopu ikaanza kulia kama daladala inapanda mlima na sauti ikakatika mara kadhaa, nikarudi SoundTouch. Kwenye shughuli sitaki kabisa kucheza na kukatika.

Umeme umeondoka saa mbili usiku, nimemalizia kwa betri na daftari. Siyo mbaya, hesabu haihitaji umeme.

Jumapili

Hesabu ndo hii, na ndo ilikotoka 126.8.

Amapiano zangu nyingi ziko 113. Kuitoa 113 kuileta kwenye tech house ni asilimia kumi na kitu, kufuli ya kii inaichakaza ile logi dramu (besi ya kugonga ya amapiano) mpaka inakua kama mtu anaongea kwenye ndoo. Bila kufuli inapanda karibia tone nzima. Sasa, karibia ndo tatizo, maana ikipanda tone kasoro haikai na kitu chochote. Lakini tone kamili, semitoni mbili, ni kuzidisha kwa 1.1225, na 113 ukiizidisha hapo unapata 126.84. Basi. Seti ikikimbia 126.8, amapiano ya 113 inapanda semitoni mbili safi bila kufungwa, na kwenye gurudumu hiyo ni kuongeza namba mbili tu: 7A inakua 9A, 6A inakua 8A. Hamna kukatakata, hamna ndoo. Sauti ya mwimbaji inakua nyembamba kidogo, inakubalika, tena ina utamu wake.

Nikajaribu afro house za 120. Zikienda 126.8 zinapanda senti 95, ni kama semitoni moja, pungufu ya senti tano ambayo kwenye ufukwe hamna sikio litaikamata. Semitoni juu ni kuongeza saba: 1A inakua 8A. Kwahiyo ngoma ya 120 ninayotaka ikae na tech house za 8A natakiwa niitafute kwenye 1A, siyo kwenye 8A. Nimezipanga upya kwenye folda yake na jina jipya la kii mwanzoni mwa jina la faili, ile kii itakayosikika, siyo ile iliyorekodiwa.

Tech house zenyewe nimezigawa. Za 126 mpaka 128 hazifungwi, zinahama kati ya senti 11 juu na 16 chini, zinavumiliana. Za 124, 125, 129 na 130 zinafungwa kii kwasababu kufuli kwa asilimia mbili na kitu haiumizi sana na senti zake ni nyingi kuziacha huru. Kuna za 130 mbili ambazo kiki yake ikifungwa inakua laini mno, hizo nimeziondoa kwenye seti hata kama nazipenda.

Kuhusu kasi yenyewe, mi naona 126.8 inatosha sana. Sikuhizi watu wanakimbiza tech house 130, 132, mguu haupati nafasi ya kukanyaga. Kwenye mchanga hasa, mtu peku, 130 ni mateso.

Jumatano

Leo gridi tu, ile mistari inayoonyesha kila pigo liko wapi, kazi isiyo na raha lakini bila hiyo sinki inakua mwongo. Programu imesoma ngoma kibao 125.97, 127.03, vitu kama hivo. Ngoma ya tech house imetengenezwa kwenye kompyuta, aliyeitengeneza kaweka 126 au 127 kamili, kwahiyo nazungushia kwenye namba kamili kisha naenda dakika ya mwisho ya ngoma kuangalia kama mstari bado uko juu ya kiki. Tofauti ya 0.1 tu inakutoa milisekunde 47 kwa dakika, na kwenye kasi hii pigo moja ni milisekunde 473, kwahiyo ukiachia mchanganyiko wa dakika moja, kiki inakua mbili, du-dum, du-dum, kama farasi.

Kingine nilichokikuta: mshkaji alinipa ngoma zake na gridi alizoziweka kwenye programu nyingine, na zote za MP3 zimehama kiasi kilekile, milisekunde 26. Hiyo ni fremu moja ya MP3, sampuli 1152, programu moja inaihesabu ule ukimya wa mwanzo wa faili na nyingine inauruka. Nikisogeza moja nasogeza zote kiasi hicho. Faili za WAV hazina hilo tatizo.

Na za bendi, zile za dansi za zamani nilizotaka kuchomeka kipande, nimeziacha. Mpiga ngoma ni mtu, anaharakisha akifika sebene, gridi ya namba moja haimshiki. Kuna njia ya kukata lupu (kipande kinachojirudia) ya baa nne, kila baa mapigo manne, na kuishikilia, nitaijaribu siku nyingine, siyo seti hii.

Ijumaa

Singeli. Hapa ndo nilikua na hofu na hapa ndo pamekua rahisi.

Singeli ya 240 ukiisoma nusu ni 120. Programu yenyewe inaandika 120, haijui kama kuna kasi mara mbili ndani yake. Kwahiyo inafanya kilekile cha afro house, 120 kwenda 126.8, au 240 kwenda 253.6, semitoni moja juu, namba saba mbele. Na kufuli ya kii kwenye singeli ni dhambi, ile midundo ya juu iko karibu karibu mno, injini haina pa kukata, inatoka mchanga mtupu. Bila kufuli inazidi tu kuwa singeli, maana muziki wenyewe umezaliwa kwa kuharakisha vitu. Dogo mmoja wa Manzese anaetengeneza hizi mambo nimemwonyesha nimeipandisha, nikamuuliza kama sijamharibia kazi.

"Hapana kaka mkubwa, hapo ndo imekaa. Ungeiongeza tena."

Shikamoo teknolojia. Kanipa pia toleo lisilo na sauti ya MC, na hilo ndo limenimalizia kazi: tech house ya mwisho ina baa 32 za ngoma tupu mwishoni, kwenye 126.8 hiyo ni dakika moja hivi, hamna besi hamna kodi, kwahiyo kwenye hiyo dakika kii haina kauli. Singeli inaingia na midundo ya juu peke yake, nimekata chini na katikati kwenye ikwalaiza, skio linaskia tu kwamba haihati zimeongezeka mara mbili. Baa ya 17 naachia katikati, kile kinanda chembamba kinachokumbusha Casio za mchiriku kinaanza kuchungulia. Baa ya 33, tech house ikiwa imeisha, naingiza besi ya singeli kwa mkono mmoja, hapohapo, kwenye pigo la kwanza. Besi mbili kamwe haziko hewani pamoja, hiyo kanuni naishika kwenye seti nzima, hata pale kii zinapooana kabisa. Kii nzuri inasaidia katikati na juu, kule chini ni mmoja mmoja.

Nimeijaribu kwa jamaa wa spika tena. Safari hii hakugeuka kuuliza kama kitu kimepasuka, aligeuka kuuliza ngoma inaitwaje.

Jumatatu

Mpangilio ulipofikia. Naanza na afro house za 120 zikiwa tayari kwenye 126.8, zinasikika 8A na 9A. Sianzi polepole nikapandisha, kwasababu kila nikisogeza tempo ya seti hesabu yote ya senti inahama, na mzuka nitaupandisha kwa uchaguzi wa ngoma. Tech house za 8A, 9A, nakata kwa nguvu kwenda 11A kwenye bredauni (sehemu kiki inaponyamaza) moja ndefu yenye sauti ya mwanamke, narudi taratibu 10A, 9A ili amapiano za 7A zilizogeuka 9A ziingie. Wanacheza amapiano, natoka nazo kwa ngoma isiyo na nyota, ile aliyoikataa dada wa kinanda, maana yenyewe haichagui upande. Tech house ngumu za 8A, alafu dakika ya ngoma tupu, singeli.

Mambo mawili bado. Kutoka amapiano kwenda tech house, logi dramu inaacha shimo kubwa chini na kiki ya tech house ikiingia inakua kama imetukana, nadhani natakiwa kuingiza kiki baa nane kabla ikiwa imekatwa chini kwa filta, niizoeshe sikio. Na kontrola, slaida ya tempo ilikua imewekwa asilimia 8 ambayo haifiki 113 kwenda 126.8, inahitaji 12.2, nimeifungua mpaka 16 lakini sasa kidole kikigusa kidogo inaruka sana. Nimeamua tempo za amapiano niziweke mapema kwenye deki iliyonyamaza kisha nisiguse slaida kabisa, nitumie vitufe vya kusukuma tu. Kesho jioni jamaa wa spika kasema yuko huru baada ya saa kumi na moja, naenda na hizo sehemu mbili peke yake.